Picha ya Bikira Maria, duka la vitu vya ibada Posta

Nilimnunulia shangazi yangu mjane, wa Temeke. Bikira na Mtoto, weupe juu ya buluu, mtindo wa Luca della Robbia, mchongaji wa Florence, Italia, aliyefariki 1482. Yeye alifinyanga udongo, akauchoma na rangi ya kung'aa kama kioo; hii ni jipsamu tu, na buluu imechuruzika mpaka kwenye kidole cha Mtoto. Ila uso, jamani, umetulia!

Nikamsimulia shangazi kwamba wajane wa Florence enzi hizo waliweza kudai mahari yao (kule ilitoka kwa wazazi wa mke), lakini wakirudi kwao, watoto walibaki ukoo wa mume. Akaguna: "Huku mawifi huanza na kabati, mwanangu."

Elfu 45, wakashusha hadi 38. Waya wa kutundikia ni mwembamba, badilisha.