Kuomba pesa ya kaunti kukarabati jengo liwe makao ya watu wa mitaani: natoa nyota tatu

Nyota tatu kwa tano. Ningetoa nne kama si bajeti ya nyongeza, ile ya kurekebisha bajeti katikati ya mwaka, hio nitaifikia. Ila kwanza niseme wazi, kama kikundi chenu kinataka pesa ya umma kukarabati jengo kuukuu liwe mahali pa kulala watu wasio na makao, hii njia ya bajeti ya kaunti hapa Kenya inafanya kazi. Inachosha, makaratasi ni mengi, lakini inafanya kazi, na vikundi vingi haviijaribu juu wanadhani lazima ujuane na mheshimiwa.

Jengo letu ni stoo ya zamani ya serikali karibu na steji ya matatu. Kuta ziko imara kabisa, madirisha yaling'olewa kitambo, na kila usiku kuna akina mama na watoto wanalala pale barazani juu ya katoni, mvua ikinyesha ya kuingia kwa upepo wanabanana upande mmoja wa ukuta hadi asubuhi. Ndani kuna vyumba vinne vikubwa vimefungwa kufuli. Hio picha ndio ilitufanya tuanze, watu wako nje, vyumba viko tupu, na mwenye ufunguo ni serikali ambayo sisi sote tunailipia ushuru.

Na hapo ndio swali la kwanza utaulizwa na kila ofisi: jengo ni la nani? Kama ni la mtu binafsi usijisumbue na hii njia, pesa ya umma haiwezi kupiga rangi nyumba ya mtu. Letu lilikuwa la kaunti, tukaandika barua kwa ofisi ya ardhi wakatuthibitishia kwa maandishi na muhuri, na hio barua moja ilitufungulia milango mingi kuliko maombi yote tuliyowahi kuandika yenye maneno ya huruma.

Kitu kikubwa cha kuelewa ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai lakini ukienda kuomba Julai umechelewa mwaka mzima. Mpango wa maendeleo wa mwaka, ule wanaita ADP, lazima ufike bunge la kaunti kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Halafu ile karatasi ya mkakati wa fedha inafika mwisho wa Februari, makadirio ya bajeti yanafika 30 Aprili, na yote lazima yapitishwe kabla Juni iishe. Sasa mradi wako usipokuwa kwa ADP, hata uende Aprili ulie machozi watakusikiza vizuri kabisa, watakupa chai, halafu watakwambia haumo kwenye mpango. Mwambieni wodi administreta, yule afisa wa kaunti anayesimamia wodi, mapema awape tarehe za vikao, hio ni kazi yake na wetu alizitoa bila shida, hapo nawapongeza.

Vikao vyenyewe, vya maoni ya wananchi, navipa alama nzuri kiasi. Katiba kifungu cha 201 inasema lazima umma ushirikishwe mambo ya fedha na kweli kikao kilifanyika, viti vilikuwepo, maiki ilifanya kazi, na mtu wa mipango alikuwa anaandika kila kitu. Tatizo ni mlangoni. Kuna rejista, jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, sahihi. Tulikuja na kijana mmoja anayelala pale stoo, ameoga, amevaa shati aliloazima, amejiandaa kusema. Hana kitambulisho, hana simu. Akaandika jina lake, akafika kwa ile safu ya kitambulisho akasimama na kalamu mkononi, na yule dada wa rejista hakumfukuza lakini hakumwambia aendelee pia. Akarudisha kalamu akaenda kukaa nje. Mzee mmoja wa mtaa akainuka akasema, "Dada, muache aingie, huyu ndiye mwenyewe wa hii habari." Akaingia, akaongea dakika chache tu, kwamba wao hawaombi nyumba, wanaomba mlango wa kufunga usiku watoto walale bila kuamshwa kwa mateke. Ukumbi ulinyamaza. Naamini kabisa ni yale maneno yaliyotuingiza kwenye orodha ya wodi, ile risala yetu ilisaidia kidogo tu. Kwa hivyo ombi langu kwa wanaosimamia vikao, toeni hio safu ya kitambulisho ama muifanye ya hiari. Mtu asiye na makao mara nyingi ni mtu asiye na karatasi, ukidai karatasi mlangoni umemfungia nje ya mjadala wa makao yake mwenyewe.

Nyota ya juu kabisa inaenda kwa injinia wa idara ya ujenzi. Watu wengi hawajui kwamba jengo likiwa la umma unaweza kuomba kwa barua waje wapime na watengeneze BQ, yaani orodha ya kazi na bei, bila nyinyi kulipa mtu wa nje. Alikuja na futi yake, akapima kila chumba, akapanda ngazi akagonga paa kwa kalamu, akatazama ule ukingo uliovunjika, akashuka akatuambia, "Mama, hii ni asbesto. Hakuna fundi wa mtaa anaruhusiwa kuigusa hii." Sisi tulikuwa tumeshapanga vijana wa kikundi waibomoe Jumamosi! Asbesto ilipigwa marufuku Kenya 2006, vumbi lake likikaa mapafuni linaleta saratani miaka mingi baadaye, na kuitoa lazima iwe kampuni yenye leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, inaloweshwa maji, inafungwa kwa plastiki na kuzikwa mahali maalum. Paa peke yake likameza sehemu kubwa ya makadirio. Lakini afadhali tulijua kabla kuliko vijana wetu wangevuta lile vumbi.

BQ yake ndio ilitufundisha namna ya kuomba. Ukiandika "ukarabati wa jengo" tu, karatasi inawekwa kando. Ukiandika mabati ya geji 28, vyoo vinne, bafu mbili zenye mlango wa kufunga kwa ndani upande wa akina mama, tanki la lita 5,000, waya mpya za stima, mlango wa pili wa kutokea moto ukitokea, hapo mtu wa bajeti ana kitu cha kuwekea namba na MCA, yule mwakilishi wa wodi kwenye bunge la kaunti, ana kitu cha kutetea.

Sasa kuna jambo linashtua vikundi vingi. Kama nia yenu ni watoto peke yao wakae pale, mtagonga ukuta, na mimi naona ukuta huo uko mahali pake. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto 2017, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudi kwenye familia ama jamaa, sio kulelewa kwenye mabweni. Kwa hivyo sisi makao yetu ni ya mama pamoja na wanawe, na watu wazima, mahali pa kulala usiku na kusaidiwa kupata karatasi na kazi. Mtoto aliye peke yake anapelekwa kwa afisa wa watoto. Andikeni hivyo waziwazi tangu barua ya kwanza.

Pia ulizeni kuhusu mfuko wa kitaifa wa kurekebisha familia za mitaani, ulianzishwa 2003 na uko chini ya wizara ya leba. Hao ndio walifanya ile sensa ya 2018 iliyopata watu 46,639 wanaoishi mitaani nchi nzima, 15,337 wakiwa Nairobi. Tumia hizo namba kwenye ombi, zina uzito kwa sababu ni za serikali yenyewe, na zinamziba mdomo yule anayesema "hawa ni wachache tu wanatoka kwingine".

Haya, mabaya. Mradi ukaingia kwenye bajeti, ukapitishwa, tukashangilia. Katikati ya mwaka ikaja bajeti ya nyongeza, pesa kutoka Nairobi ilikuwa imechelewa kama kawaida, na wakaanza kukata. Yetu ikakatwa. Hakuna aliyetuita, hakuna aliyetuandikia, tulijua tulipoona kandarasi imetangazwa ikiwa na paa, vyoo na waya tu, madirisha na bafu hayamo. Nyota ya nne ilipotelea hapo. Kama mlituita ukumbini wakati wa kuongeza, tuiteni pia wakati wa kupunguza, sheria ni ile ile.

La pili linaniuma zaidi. Pesa ya maendeleo inajenga, hainunui unga wala hailipi mlinzi. Sheria ya fedha inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, sawa, lakini mshahara wa mlinzi wa usiku, sabuni, bili ya maji na stima, yote hayo yako kwenye matumizi ya kawaida, na hakuna idara ilikubali kuyabeba. Leo paa ni jipya, vyoo vinafanya kazi, watu wanalala ndani, na mlinzi tunamlipa kwa mchango wa akina mama wa soko. Jengo bila mtu wa kulisimamia usiku ni hatari kwa wale wale unaotaka kuwakinga, hasa wasichana. Ombeni vyote viwili kwa pamoja, na idara ya huduma za jamii iandike barua ya kukubali gharama za kila mwezi kabla ya kandarasi kutolewa.

Kwa hivyo ningependekeza kwa wengine? Ndiyo, na moyo wangu wote. Mpango wa miaka mitano wa kaunti zote, CIDP, ni wa 2023 hadi 2027, ule unaofuata utaandikwa upya na maoni yatachukuliwa kabla huu haujaisha. Jitokezeni hapo na barua ya umiliki, BQ yenye muhuri na watu wanaolala nje wenyewe. Sisi tunarudi kuomba madirisha, bafu, na mshahara wa mlinzi.