Kantini ya hospitali baada ya kupanuliwa, uzoefu wangu

Nimemuuguza mama kwenye hospitali moja ya rufaa ya mkoa hapa Dar, jina naliweka pembeni, na ukiuguza unakuwa mteja wa kantini upende usipende. Hii yao wameipanua juzijuzi, wamevunja ukuta wa stoo wakaunganisha na kibaraza.

Mi kilichonikosha si meza mpya wala rangi, ni dirisha la kubeba. Zamani foleni ilikuwa moja tu, daktari anataka chai, ndugu wa mgonjwa ana hotpoti yake anawahi muda wa kuona wagonjwa, wote mlemle, mlango wa wodi unafunguliwa na kufungwa we bado unasubiri wali. Sasa hivi unakabidhi hotpoti, dada anakupakulia, unalipa kwa lipa namba, unaondoka. Aliyewaza hili nampa heko kabisa.

Halafu kuna mtori kila asubuhi kwa ajili ya kina mama waliojifungua, wa moto, na sufuria ya pembeni ya mchuzi usiotiwa chumvi. Mama ana presha, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe hata gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, sasa ukinunua mchuzi wa getini hiyo hesabu utaijuaje? Pale nilikuwa napata amani.

Ila sinki la kunawa wameliweka mlangoni kabisa na chini ni marumaru za kung'aa, maji yanamwagika kutwa. Nilimwona mzee mmoja wa magongo anapita pale huku kashika ukuta, dada wa usafi akakimbia kumshika mkono, roho iliniuma sana. Jamani hapa ni hospitali, nusu ya wateja miguu haina nguvu! Na mlango huo mpya una ngazi, wa kiti mwendo inabidi azungukie nyuma jikoni. Hili warekebishe haraka.

Usiku pia wanafunga saa tatu, na uchungu wa kujifungua hausubiri asubuhi, hata chupa ya chai na mkate dirishani ingesaidia.

Mi naipendekeza, ila ule mchuzi wa wenye presha uwahi, saa saba mchana mara nyingi umeshaisha.