Miaka miwili na SQLite: vitabu vya kikoba ndani ya simu iliyopasuka kioo

Shilingi kumi ndizo zilizonifundisha SQLite, programu ya kanzidata, yaani ya kuhifadhi na kutafuta kumbukumbu.

Mama mdogo ni katibu wa kikoba cha akina mama 22 hapa Morogoro. Hisa moja ni 5,000, wanakutana kila Jumamosi, mtu ananunua hisa moja hadi tano, na sanduku lina kufuli tatu ambazo funguo zake wanashika watu watatu tofauti. Mimi ni mtunza stoo wa dawa za mifugo. Kuandika programu ni ugonjwa wangu wa usiku. Jumamosi moja akanipigia kikao kikiendelea, nasikia kelele za wenzake nyuma: "Mwanangu, simu inasema tumekusanya 105010.0. Hiyo kumi imetoka wapi? Na hiyo nukta sifuri ni ya nini? Daftari linasema 115,000."

Kikoba hakina shilingi kumi. Siku hizi hata dukani hakuna mwenye shilingi kumi.

Nitarudi hapo. Kwanza niseme nilifikaje kwenye SQLite, maana sikuanza nayo. Nilianza kama wengi wetu tunaojifunza wenyewe: nikajenga ghorofa la kufugia kuku watatu. Seva ya kukodi iliyolipiwa kwa dola, kanzidata kubwa inayojitegemea, kurasa zilizotengenezwa kwa maktaba nzito za JavaScript, kama vile watu milioni moja watafungua kwa mpigo. Watumiaji wangu walikuwa watatu: mama mdogo, mweka hazina, na mimi mwenyewe nikiangalia kama inafanya kazi. Mwezi mmoja kadi yangu haikuwa na salio, seva ikazimwa, na mama mdogo akarudi kwenye daftari lake bila hata kunilaumu. Hilo liliniuma kuliko lawama.

Nikavunja yote. Nikachukua simu yangu ya zamani ya Android, ile iliyopasuka kioo, nikaweka Termux (programu inayokuwezesha kuendesha amri za kompyuta kwenye simu), lugha ya Python na Flask, maktaba yake ya kutengeneza kurasa za wavuti. Siku ya kikao simu inawashwa hotspot, mama mdogo na mweka hazina wanaunganisha simu zao na kufungua ukurasa kwenye kivinjari. Hakuna bando linalotumika. (Termux ichukueni F-Droid, duka la programu huria, na kabla ya kikao andikeni `termux-wake-lock`, la sivyo Android itaizima katikati ya kazi ikidhani inaokoa chaji.) Kanzidata ikawa SQLite kwa sababu moja tu: haikuhitaji kusakinishwa. Inakuja ndani ya Python yenyewe tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006. Unaandika `import sqlite3`, basi.

Uzuri wake unaeleweka haraka ukishazoea kanzidata zenye seva. Hapa hakuna seva, hakuna nywila ya kanzidata, hakuna mlango wa mtandao wa kufungua. Kila kitu ni faili moja. Richard Hipp aliianza mwaka 2000 akiwa kwenye kazi ya programu ya meli ya kivita ya Marekani, akitaka kitu kisichotegemea seva ya pembeni ambayo inaweza kuwa imelala pale unapoihitaji. Hana leseni anayokudai: ameiacha iwe mali ya umma. Na hata kama hujawahi kuisikia, unaitumia, kwa sababu Android huhifadhi majina na meseji zako ndani ya mafaili hayahaya.

Nilichokipenda zaidi nilikiona kwa bahati mbaya. Mweka hazina anabonyeza "hifadhi", simu ikaisha chaji na kuzima palepale. Nilijua tumekwisha. Ilipowaka, mchango wa mwisho haukuwemo, lakini yote ya kabla yake ilikuwa salama, hakuna kilichoandikwa nusu. Ndivyo ilivyotengenezwa: ama badiliko lote linaingia, ama haliingii kabisa.

Sasa ile shilingi kumi.

SQLite haina ukali wa aina za data. Ukiiambia safuwima `kiasi` ni INTEGER (namba kamili), inachukulia kama ombi, si amri. Ukiipa maandishi "10000" inayageuza kuwa namba kimyakimya, na mimi nikalewa na ukarimu huo, sikuhakiki kitu kwenye fomu. Lakini mama mdogo ni mtu wa daftari. Kwake elfu kumi huandikwa 10,000, na mkono wake ungependa hata kuongeza ile /= mwishoni. Siku ile mama mmoja alinunua hisa mbili, mama mdogo akaweka mkato. SQLite ikajaribu kugeuza, ikashindwa, na badala ya kulalamika ikayahifadhi kama maandishi. Ulipofika wakati wa `SUM`, yaani kujumlisha, ikasoma herufi hadi zile zilizofanana na namba: kumi. Mkato ukaizuia. Elfu kumi ikawa shilingi kumi, na kwa kuwa kulikuwa na maandishi katikati ya namba, jumla ikatoka na nukta.

Kwa hiyo ile .0 aliyoishangaa mama mdogo ndiyo ilikuwa dalili yenyewe. Nilihangaika usiku mzima nikikagua hesabu zangu za Python kabla ya kuandika mstari huu wa kutafuta viasi vilivyohifadhiwa kama maandishi, ambao ningeuandika mwanzo ningelala mapema:

`SELECT * FROM michango WHERE typeof(kiasi) = 'text';`

Ikatoka mistari minne. Minne! Mitatu ilikuwa ya wiki zilizopita ambazo hakuna aliyelinganisha na daftari.

Dawa ipo. Tangu toleo la 3.37 la Novemba 2021 unaweza kumalizia jedwali lako kwa neno STRICT, na hapo ukileta "10,000" inakataa waziwazi. Kinachoniudhi ni kwamba lazima uijue na uiombe. Pia huwezi kuliongeza kwenye jedwali lililopo. Unatengeneza jipya na kuhamishia data. Hivyohivyo kwa funguo za kuunganisha majedwali: zimezimwa mpaka uandike `PRAGMA foreign_keys = ON`, tena kila unapofungua muunganisho. Mimi niligundua hilo nilipokuta mkopo wa mwanachama niliyekwisha kumfuta. Najua sababu, hawataki kuvunja programu za zamani. Bado naona anayeanza anaachiwa mlango wazi halafu anaulizwa mbona mbuzi wameingia.

Kuandika kwa wakati mmoja hakujanisumbua. Anayeandika ni mmoja tu kwa wakati, wengine wanasubiri, na kwa simu mbili hakuna anayehisi. Nikiwasha hali ya WAL, ambapo mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni, wanaosoma hawamzuii anayeandika. Mara moja tu tulipata "database is locked", na mkosaji nilikuwa mimi, nilianza muamala (badiliko) kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaenda kula bila kuumaliza.

Ila WAL ina mtego wake kwenye nakala. Nilizoea kunakili faili la .db kwenye flashi na kujiona mjanja. Siku nilipoifungua kwenye kompyuta, kikao kizima cha Jumamosi hakimo, kilikuwa bado kwenye faili la pembeni lenye mkia wa -wal ambalo sikulichukua. Siku hizi natumia `VACUUM INTO`, inanitolea nakala kamili hata programu ikiwa inaendelea.

Je, ningempendekezea mtu? Kama mradi wako ni wa duka, kwaya, shule ya mtaa au kikoba, ndiyo, na ningekuomba usiguse seva ya kukodi kabla hujajaribu hii. Kama una seva kadhaa zinazotaka kuandika kwenye kanzidata moja, hapana, hapo utaumia bure. Nyota nne. Ya tano wameila wenyewe kwa kutoifanya STRICT kuwa kawaida. Faili langu la miaka miwili, mikopo na faini zote ndani, halijafika hata megabaiti moja.

Daftari mama mdogo hajaliacha, na sijamwomba aliache.

Wiki iliyopita wamevunja kikoba, wakagawana, na Jumamosi hii mzunguko mpya unaanza. Wamepandisha hisa kuwa 7,000. Ile 5,000 nimeiandika kwa mkono ndani ya programu, sehemu nne ninazozikumbuka, na leo ni Alhamisi.