TAHADHARI: Kijana wa stika za ukaguzi na bima anayezunguka masoko ya Tengeru na Kilombero, Arusha, ni mwizi

Jamani, nimeahirisha kuandika hii wiki mbili nzima kwa sababu ya aibu. Mimi ndiye ninayeshika daftari la kikoba, mimi ndiye ninayehesabu hela zenu mara mbili kabla hazijaingia sanduku, na mimi huyo huyo nimetoa 285,000 kwa tapeli mchana kweupe, nikamwambia na asante baba, Mungu akubariki. Hilo la kumbariki ndilo linaniamsha usiku.

Gari ni ile ile kirikuu, pikapu yangu ndogo ya mizigo, mnaijua, na dereva ni yule yule. Na hali niliyokuwa nayo mwezi wa pili mnaijua pia, kila jioni nilikuwa naenda kulala hospitali na mgonjwa wangu, kwa hiyo sitarudia.

Ilikuwa Jumatano ya mwezi huo wa pili, siku ya soko Tengeru. Saa moja asubuhi tumeshapakia matenga kumi na manne ya nyanya na viroba vya karoti, dereva anafunga kamba, mimi namlipa kijana wa mzigo. Akaja kaka mmoja mweupe hivi, mrefu kiasi, kavaa kizibao cha kung'aa kama cha watu wa barabarani, kitambulisho shingoni, na ubao wa kuandikia wenye karatasi zilizojazwa namba za magari. Hakuja kwangu moja kwa moja. Alianza na Noah iliyokuwa mbele yetu, akaongea na mwenyewe kama dakika tano, wakapeana mikono. Kwa hiyo alipofika kwangu nilikuwa nimeshamwona anafanya kazi. (Leo najiuliza kama yule wa Noah hakuwa mwenzake.)

"Shikamoo mama." Marahaba. "Gari hii ni yako?" Nikasema ndiyo. Akainama kwenye kioo, akafuta vumbi kwa kidole gumba juu ya stika ya ukaguzi, akaisoma kwa sauti ili na dereva asikie. Akaniambia mama, ukaguzi wako umeisha tangu mwezi wa kwanza.

Na ilikuwa kweli. Hapo ndipo aliponishika. Angekuja na uongo mtupu ningemfukuza, lakini alianza na jambo la kweli ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau. Na sisi wa magari ya biashara tunajua ukishaenda kushughulikia leseni ya LATRA, wale wanaosimamia usafiri wa ardhini, ukaguzi unaulizwa, kwa hiyo moyo ulishapiga paa.

Akaomba kuona bima. Nikatoa faili kwenye mkoba, bima yangu halali niliyokata mwaka jana, inaisha tarehe 20 mwezi wa sita. Akaisoma, akatikisa kichwa pole pole kama daktari. "Mama, hii imeshakufa. Ukaguzi ukiisha, bima inajifuta yenyewe. Ukigonga mtu leo, kampuni inakukana, na anayekwenda ndani ni mwenye gari, siyo dereva."

Nikamwambia mbona tarehe bado. Akasema tarehe ni ya karatasi, mfumo ni mwingine. Akabonyeza simu yake, akanionyesha ukurasa wenye maandishi mekundu. Sikuusoma. Nilikuwa nafikiria nyanya zinazoanza kupata jua na mgonjwa anayenisubiri. Akapiga simu "ofisini", akaweka spika, sauti ya mama mtu mzima ikasema ndiyo, hiyo namba haisomi, mhudumie hapo hapo asije akakamatwa njiani. Bei ya vyote viwili, ukaguzi na bima ya mwaka, 285,000. Nikataka kumwongezea 5,000 ya soda, akakataa. Akasema mama, sisi haturuhusiwi kupokea. Niambieni, mwizi gani anakataa hela? Nilimwamini kwa ile 5,000 aliyoikataa.

Akazunguka gari mara moja, akapiga tairi la nyuma kwa kiatu, basi, ukaguzi umekwisha. Hakufungua boneti wala hakumwambia dereva akanyage breki. Baada ya kama saa moja akarudi na pikipiki akiwa na stika mpya na karatasi ya bima ndani ya plastiki, ina nembo, ina kile kimraba cha kuskani, ina jina la kampuni inayojulikana (kampuni siitaji, wao wenyewe wametumiwa jina tu). Bima yangu ya zamani akaichukua, akasema anaipeleka ikafutwe nisilipe mara mbili.

Sasa sikieni alichonifanyia. Bima yangu ilikuwa hai. Haikuwa imekufa hata kidogo. Ingeendelea kunilinda hadi tarehe 20 mwezi wa sita, na tarehe hiyo ningekwenda kukata nyingine kama miaka yote. Lakini nilikuwa na plastiki yake inayosema hadi mwezi wa pili mwakani, kwa hiyo mwezi wa sita nikapita nimetulia. Kuanzia hapo kirikuu yangu ilitembea bila bima yoyote, Tengeru hadi Kilombero, Kilombero hadi Njiro, kila siku, na mimi sijui.

Mwanzoni mwa mwezi huu dereva alikuwa anaingia barabara kuu pale Tengeru, akamgonga kijana wa bodaboda. Mguu umevunjika mara mbili. Nilipofika, trafiki ameshaingiza namba ya gari kwenye simu yake. Akaniambia mama, bima ya gari hii iliisha mwezi wa sita. Nikatoa plastiki kwa kujiamini, nikamwambia hapana afande, hii hapa. Akaingiza namba ya stika. Ikaja gari nyingine kabisa, siyo hata kirikuu. Akanigeuzia simu nione mwenyewe.

Nikaishika ile karatasi juani kwa mara ya kwanza. Namba ya gari yangu imekaa juu kidogo ya mstari, na herufi zake ni nyeusi kuliko maandishi mengine yote, kwa sababu zimebandikwa juu ya namba ya mtu mwingine kisha ikatolewa kopi. Miezi sita nilikuwa natembea nayo kwenye mkoba.

Gari ililala kituoni. Mkaguzi wa magari alipokuja kuipima kwa ajili ya PF 93, ile fomu ya polisi ya hali ya gari, breki akazikuta nzima, matairi mazima, taa zinawaka. Nikamuuliza, afande, na huu ukaguzi uliokuwa umeisha mwezi wa kwanza, si ndiyo uliua bima? Akanitazama kwa huruma. Akasema mama, hayo ni mambo mawili. Ukaguzi ukiisha, kosa lake ni la barabarani: trafiki anaweza kukuandikia, na faini ni 30,000 kwa kosa. Gari ikiwa mbovu ni kosa lingine, na hapo inaweza kuzuiwa isitembee. Lakini bima inaisha siku iliyoandikwa kwenye bima.

Sikuridhika, nikaenda mjini kwenye ofisi ya bima, nikakaa na dada mmoja aliyenifafanulia taratibu kuliko nilivyostahili siku ile, maana nilikuwa nalia. Akasema bima ndogo, ile ambayo sheria ya bima ya magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, ipo kwa ajili ya mtu unayemgonga. Stika ya ukaguzi kuchelewa peke yake haiifuti. Mwenye bima kubwa, ile inayolipia na gari lako mwenyewe, ndiye aangalie zaidi, kwa sababu mkataba wake unamtaka atunze gari liwe salama. Ukipata ajali, ukaenda kudai gari lako litengenezwe, kampuni itataka zile fomu za polisi, PF 90, PF 93, PF 115. Kwenye PF 93 kukiandikwa breki zilikuwa zimekufa au matairi yameisha, na ndiyo yaliyoleta ajali, hapo wana sababu ya kukukatalia. Wanauliza gari lilikuwa na hali gani, na karatasi ya ukaguzi ni ushahidi mmojawapo tu.

Kwa hiyo fuateni sheria: ukaguzi ukiisha nenda ukakague, tena na gari lenyewe liende, lifunguliwe, lipimwe. Mimi kosa langu nalijua, nilinunua ukaguzi ambao haukufanyika. Lakini mtu akikwambia bima yako imekufa kwa sababu ya ukaguzi, halafu yeye huyo huyo ana mpya ya kukuuzia hapo hapo, shika funguo zako uondoke.

Dalili zilikuwepo. Hela nilituma kwa namba ya simu, jina likaja la mwanamke, akasema huyo ni mhasibu wetu, nikabonyeza namba ya siri. Hakuna ujumbe wowote wa bima ulioingia kwenye simu yangu. Alichukua karatasi yangu halali. Na kuhakiki ni jambo la dakika moja, unaingia kwa simu kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, unaandika namba ya gari au ya stika, unaona kampuni gani na inaisha lini. Fanyeni sasa hivi, kabla hamjamaliza kusoma, hata kama bima yenu mlikata kwa mtu mnayemjua. Mengine nitaongeza nikikumbuka, kichwa hakijatulia.

Ninachotaka ni yule kijana. Hadi jana nimeshalipa 1,340,000 kwa mguu wa mtoto wa watu, na bado kuna chuma cha kutolewa mbele ya safari. Mama yake anatoka Kikatiti kila siku kumletea uji, ananisalimia vizuri, hajanitukana hata mara moja, na mimi siwezi kumtazama usoni. Huyu tapeli alale gerezani Kisongo, na alale muda mrefu. Asije mtu kuniambia mama msamehe ni njaa. Njaa haivai kizibao cha kung'aa. Njaa haipangi mwenzake wa kujibu simu. Na yule mama wa kwenye spika, aliyesema asije akakamatwa njiani, naye namtaka, sauti yake naijua hadi leo, nikiisikia sokoni nitaitambua. Warudishe hela za kila mtu, wakae ndani, na watibu huyu mtoto.

Anatumia pikipiki nyekundu, kiti kimechanika kikashonwa kwa uzi mweupe. Anaongea Kiswahili kizuri, taratibu, na ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Mwezi wa tano kuna mtu amemwona Kilombero na ubao ule ule. Mwingine anasema alimwona Usa River.

RB, ile namba ya taarifa ya polisi, ninayo. Jumatatu saa tatu asubuhi narudi kituoni, nitakuwa nje pale chini ya mti na plastiki yangu mkononi. Aliyeuziwa karatasi kama hii aje nayo, na kama alituma hela kwa simu aje na ule ujumbe wa malipo, asiufute. Jina la yule mwanamke kwenye ujumbe wangu polisi wameshalichukua, wanataka kuona kama ni lile lile.