Kadi ya LSI 9211-8i ya mtumba: uzoefu wangu, na majina ya diski yanayohamahama

Mwenye haraka achukue jibu hapa hapa: kadi hii ya kuunganisha diski nyingi kwenye seva inunue, hata ya mtumba, ila usiyazoee majina ya sda, sdb na sdc ambayo Linux inazipa diski. Ninayo kwenye seva ya ofisi moja ya utalii hapa Arusha, upande wa Njiro, inayotunza picha na video za wageni wanaotoka Serengeti na Ngorongoro. Nafasi zote nane za diski zimejaa, mfumo ni Linux, na mafaili yako kwenye ZFS, mfumo wa mafaili unaounganisha diski kadhaa kuwa hifadhi moja.

Ukitafuta sokoni utaikuta kwa majina zaidi ya moja. LSI ilinunuliwa na Avago mwaka 2014, na Avago nayo ikachukua jina la Broadcom mwaka 2016, lakini kadi ni ile ile. Ina soketi mbili, kila soketi inatoa kebo ya diski nne, na kila diski inapata njia ya gigabiti 6 kwa sekunde. Diski za kuzunguka haziwezi kuijaza njia hiyo. Jihadhari tu usiuziwe kizazi kilichoitangulia, chenye chipu ya 1068E, kwa sababu hicho hakivuki terabaiti 2 kwa diski.

Yangu ilikuja na programu ya ndani (firmware) ya aina ya IT, toleo la 20.00.07.00, na ndiyo niliyoitaka. Aina hiyo inaikabidhi Linux kila diski kama ilivyo, pamoja na namba yake ya siriali na taarifa za afya yake. Kadi za RAID kamili huzificha diski nyuma ya diski moja ya kubuni, na ukitaka kujua hali ya moja inabidi smartctl, programu ya kusoma afya ya diski, uipe maelekezo ya ziada. Kwa ZFS, bora diski zionekane uchi.

Sasa majina. Linux inagawa sda, sdb na kuendelea kwa kufuata nani kaitika kwanza wakati seva inawaka, kama namba za foleni zahanati. Diski moja ikichelewa kuamka, au mtu akiacha flashi imechomekwa, au ukitoa diski moja, foleni inasogea. Umeme ukikatika usiku, asubuhi ile iliyokuwa sdc inaweza kuitika sde. Kadi inalaumiwa bure kwa jambo hili. Yenyewe haikuahidi mpangilio wowote, na ukichomeka diski hizo hizo kwenye mazabodi hali itakuwa ile ile.

Wengi wanaogopa kwamba majina yakihama data zitapotea. Hapana. ZFS huandika kitambulisho chake ndani ya kila diski, na mdadm, programu ya RAID ya Linux, hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo zikikusanywa hutambuana hata ukizichanganya nafasi. Hatari iko kwenye mkono wa fundi. Diski inaanza kufa, ripoti ya jana inasema sdc, leo anakuja mtu na bisibisi anatafuta sdc. Fundi mwenzangu wa Moshi alipigiwa na kijana wake: “Kaka, nimeshaitoa ile mbovu, mbona sasa zinalia mbili?” Alikuwa ametoa nzima. Skripti za usiku zilizoandikwa /dev/sdc nazo ni hivyo hivyo, zitakagua diski nyingine kabisa na kukuletea barua pepe ya kukutuliza.

Dawa ipo ndani ya Linux yenyewe, kwenye folda ya /dev/disk/by-id. Humo kila diski ya SATA ina jina lenye modeli na namba ya siriali, ile ile iliyochapwa kwenye lebo yake. Kwa ZFS iliyokwisha kuundwa kwa majina ya sda, huhitaji kuanza upya (hapa “picha” ni jina la hifadhi yangu):

zpool export picha
zpool import -d /dev/disk/by-id picha

Baada ya hapo zpool status inataja siriali, si herufi. Diski za SAS, aina ya diski za seva, ni kero kidogo, kwa kuwa jina lake humo hubeba namba ya WWN (kitambulisho kingine cha pekee cha diski) badala ya siriali. Hizo andika WWN kwenye stika.

Kuna pia by-path, inayotaja mahali diski ilipochomekwa. Wapo wanaoipenda, na kwenye kabati la diski nyingi nawaelewa: wanaweka majina kama A1, A2 ndani ya /etc/zfs/vdev_id.conf na maisha yanaendelea. Mimi siitumii. Ukihamisha kadi kwenda tundu jingine la mazabodi, majina hayo yanaweza kubadilika, na namba za njia za kadi si lazima zifuate mpangilio wa trei zako. Kwangu nimebandika stika yenye tarakimu za mwisho za siriali mbele ya kila trei.

Programu ya sas2ircu, ya kusimamia kadi hizi, ina amri ya locate ya kuwasha taa ya diski unayoitafuta, lakini bodi ya nyuma ya trei lazima iwe inaielewa. Yangu haielewi. Kwa hiyo naisoma diski husika kwa amri ya dd kupeleka /dev/null (yaani inasomwa tu, haihifadhiwi popote), halafu naangalia taa ipi inahangaika. Kama diski imekufa kabisa, naangalia ipi imenyamaza wakati nyingine zinasomwa, kisha nahakikisha kwa stika.

Kadi inapata moto. Imetengenezwa kwa seva zenye upepo mkali, na baridi ya Arusha ya Julai haifiki ndani ya kasha la kawaida. Weka feni ndogo ielekee kwenye kipoza joto chake, na vumbi lipulizwe mara kwa mara.

Mwenye diski mbili tatu asijisumbue kununua kadi, soketi za mazabodi zinamtosha. Ila by-id aitumie hata huko.