Faiba ya Nyumbani Sinza: Kasi Nzuri, Macho Mengi

Kwa miezi saba nimetumia intaneti ya faiba ya kampuni moja hapa Sinza, Dar es Salaam, na kuhusu kasi sina malalamiko, kwani hata mvua za masika hazikuikata. Kinachonikera ni kifungu cha mkataba, kilichoandikwa kwa herufi ndogo kama punje za ulezi, kinachoruhusu kurasa ninazofungua zitumike kunipangia matangazo. Nchini Uingereza, kampuni ya simu na intaneti ya BT ilijaribu kwa siri mwaka 2006 na 2007 mfumo wa Phorm, uliofuatilia kurasa za wateja ili kuwapangia matangazo, wateja wakaupinga vikali, na mwaka 2009 ikauweka kando. Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini nilipoitaja kwenye duka la kampuni, mhudumu alinijibu kwa upole, “Kaka, wote wanasaini tu.” Nimeomba kwa maandishi niondolewe, na bado nasubiri jibu.