Uzoefu wangu na Wincharger ya volti 12: jenereta kuukuu ya upepo ambayo bado inachaji

Nianze na hukumu. Kama una subira ya kufungua, kusugua na kupima kabla ya kupandisha chochote mlingotini, jenereta hizi za zamani ni mali. Kama unataka kitu cha kufunga leo na kukisahau, nunua paneli ya sola uishi kwa amani.

Niliyonayo ni Wincharger ya volti 12, wati 200, yenye rafadha ya mbao ya mapanga mawili, futi 6 kutoka ncha hadi ncha. Ni ukoo mmoja na zile ndogo za volti 6 zilizouzwa Marekani miaka ya 1930 pamoja na redio za Zenith, enzi ambazo mashamba mengi hayakuwa na umeme wa gridi na redio ilitegemea betri. Haina giaboksi. Rafadha imefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya dinamo, kwa hiyo vya kuharibika ni vichache, na karibu vyote vinafunguka kwa spana.

Muuzaji aliizungusha kwa mkono akasema, "Nzima kabisa hii." Kuzunguka kwa mkono kunathibitisha beringi tu, tena nusunusu. Kipimo ninachokiamini mimi ni kuigeuza mota. Vua rafadha, ibane dinamo kwenye jiriwa, kisha iunganishe na betri ya volti 12 kupitia fyuzi, chanya kwa chanya. Dinamo hizi hazina sumaku ya kudumu, zinajitengenezea sumaku kwa koili, na zikipewa umeme namna hiyo huzunguka upande uleule zinaozungushwa na upepo. Yangu iliguna, ikasita, nikaisukuma kidogo ikaondoka kwa kurukaruka huku cheche za buluu zikichezacheza chini ya kaboni, vile vipande vinavyosugua shaba na kupokea umeme.

Dalili hizo zilinipeleka kwenye komyuteta, ile pete ya mapande ya shaba kwenye shafti ambayo kaboni huigusa. Nilipima kwa mita kila pande la shaba na jirani yake, na namba zikawa zinalingana mzunguko mzima, maana yake koili za amecha, yaani sehemu inayozunguka ndani ya dinamo, hazijakatika wala kuungua. Kasoro ilikuwa juu juu: shaba imekuwa nyeusi na kulika kwa miaka ya kazi, lakini maika, kihami kilicho katikati ya mapande, haikulika, ikabaki imechomoza na kuirusha kaboni kila inapopita. Nilichukua kipande cha msumeno wa chuma, nikakinoa kikawa chembamba, nikakwangua maika pande kwa pande hadi ikashuka chini ya shaba. Kazi ya kukaa kitako. Kisha msasa laini, ule wa kawaida. Usitumie msasa mweusi wa kung'arishia chuma, chembe zake huganda kwenye mifereji na zinaweza kupitisha umeme. Mwisho nilizungushia msasa kwenye komyuteta yenyewe, uso wake ukitazama kaboni mpya, nikazigeuzia humo mpaka zikapata umbo la mviringo. Nilipoirudisha kwenye betri ilianza yenyewe bila kusukumwa, sauti nyororo, na ampea zikashuka.

Kupima kihami, yaani kama umeme hauvuji kwenda kwenye bodi ya chuma, nako kusirukwe. Tenganisha kwanza waya wowote uliofungwa kwenye bodi, ndipo upige mega, kipimo cha kihami, ya volti 250. Ikisoma chini, mara nyingi ni unyevu tu: joto la polepole kwa muda mrefu huirudisha. Na ikizunguka vizuri lakini haitoi umeme, usiiite mbovu. Huenda chuma chake kimepoteza ule usumaku kidogo wa kuanzia. Iguse koili ya sumaku kwa betri sekunde chache, polariti sahihi, inaamka.

Jambo ambalo wengi hawalisemi ni breki. Utaambiwa unganisha nyaya mbili za kutokea, mashine itasimama. Hiyo ni kwa zile za sumaku ya kudumu. Dinamo ya koili ukiipiga shoti, sumaku yake yenyewe inakufa na rafadha inaendelea kujizungukia. Kwa hiyo hakikisha breki ya mkanda inashika kweli, na yale mabati mawili yaliyopinda ya kudhibiti kasi yanafunguka kwa pamoja. Springi moja ikiwa legevu kuliko mwenzake, mlingoti utakwambia.

Waya mwembamba utakuharibia kila kitu. Nusu ya lawama ninazosikia juu ya mashine hizi naona zingeisha kwa kubadilisha waya. Kwa ampea 15 na umbali wa mita 20, waya wa milimita 2.5 za mraba unakula zaidi ya volti 4 kwenda na kurudi, na betri haipati kitu. Nilifunga wa milimita 16, upotevu ukashuka chini ya volti moja. Swichi ya zamani ya kuzuia umeme usirudi kwenye dinamo niliiondoa nikaweka diodi ya Schottky, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, inapoteza kidogo kuliko diodi ya kawaida.

Sasa matarajio. Wati 200 ni za upepo mkali. Upepo ukipungua nusu, nishati yake inabaki moja ya nane, kwa hiyo kwa upepo wa kawaida ninaona ampea mbili hivi. Zinatosha taa za LED, redio na kuchaji simu, basi. Pia mapanga mawili hutetemesha mkia kila upepo unapogeuka, kwa hiyo nakaza nati mara kwa mara.

Ukikutana na ya volti 32, usiikimbie. Inachaji benki ya betri ya volti 24 bila koili zake kusukwa upya na itaanza kuchaji kwa mzunguko mdogo zaidi. Ila wati zake za juu zitapungua, kwa sababu waya wa amecha haubebi ampea zaidi ya zile ulizosukiwa.